Sebule Moja, Nyimbo za Wawili: Laptopu Gani Itunze Muziki Wenu?

Kabla hamjabeba mkwanja wenu kwenda dukani, pitieni kwanza kurasa hizi. Mashine ya kutunza muziki wa nyumba nzima haina haja ya kuwa mpya wala ya kutisha. Ila ina masharti yake, na mengine hayaandikwi kwenye boksi.

Hebu fanyeni sensa ndogo jioni ya leo. Wewe na mwenzi wako kaeni sebuleni, kila mmoja ataje nyimbo zake zilipo. Ziko kwenye simu ya sasa. Nyingine ziko kwenye simu ya zamani iliyopasuka kioo. Ziko kwenye flashi mbili, moja imeshagoma kufunguka. Kuna CD za harusi, kuna memori kadi ambayo hakuna anayekumbuka aliyeiazima, na kule kwa wazazi kuna boksi la kaseti juu ya kabati ambalo mama hataki liguswe. Mna muziki wa miaka 20 au 30 na hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuupiga wote kwa siku moja.

Dawa yake inajulikana siku nyingi: mashine moja inakaa sebuleni, inatunza kila wimbo, inapiga kwenye spika na kuzigawia simu zilizomo ndani. Wataalamu wanaiita seva. Na kwa nyumba ya watu wawili wanaoanza maisha, seva rahisi kuliko zote ni kompyuta mpakato, yaani laptopu, tena iliyotumika.

Swali ni laptopu ipi. Ili tusijibu kijuujuu, tumeipeleka hoja yetu Ngana, wilayani Kyela, upande ule wa kuelekea mpaka wa Malawi na Mto Songwe. Tumeichagua Ngana makusudi kabisa. Bonde lile liko chini. Ziwa Nyasa lenyewe liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati Tukuyu, njiani kwenda Mbeya, ni mlimani na watu wanavaa masweta. Kyela kuna joto, kuna unyevu, mvua zake si za kitoto, na radi zikianza unaweza kudhani dari linashuka. Duka la kompyuta la maana lipo Mbeya mjini, safari ya kilomita zaidi ya 100. Simu ikisogea mpakani inaweza kudaka mtandao wa Malawi na kula salio lako bila salamu. Na ndipo wanapopangiwa kazi walimu, wauguzi na maofisa wa pale mpakani Kasumulu, wengi wao vijana, wengi na wenzi wao wako mji mwingine. Mashine ikidumu Ngana, Sinza au Nyamagana haitakushinda.

Sabufa, bluetooth na mambo ya mtandaoni

Utauliza, kwani sabufa yenye tundu la flashi ina tatizo gani? Haina, kwa saa mbili za kwanza. Baada ya hapo utagundua kwamba inapiga nyimbo kwa mpangilio inaoujua yenyewe, haikuonyeshi jina la wimbo, na ukitaka kurudi wimbo wa 412 lazima ubonyeze rimoti mpaka kidole kife ganzi. Sabufa ni spika nzuri kwa bei yake. Kama maktaba, hapana.

Simu na spika ya bluetooth? Mnaifahamu kasheshe yake. Katikati ya wimbo mtamu simu inaita, na mlio unajaa sebule nzima pamoja na wageni. Kuna ndoa zimetikiswa na mlio wa namna hiyo, tuishie hapo.

Halafu kuna muziki wa mtandaoni. Spotify iliingia rasmi Tanzania mwezi Februari 2021, Boomplay ilishatangulia, na kwa nyimbo mpya hakuna ubishi, ni rahisi. Lakini muziki huo ni wa kuazima. Ukiacha kulipa, nyimbo ulizopakua kwa ajili ya kusikiliza bila mtandao zinafungwa. Mkataba wa kampuni na msanii ukiisha, wimbo unatoweka kwenye orodha yako kimyakimya. Na mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima ilijionea intaneti inavyoweza kutambaa kama konokono. Zaidi ya yote, kaseti ya kwaya ya kanisani kwenu huko Ngana haipo Spotify. Haitakuwepo, maana ipo nakala moja tu duniani.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Wimbo wa Diamond ukipotea, utaupata tena kesho. Sauti ya baba yako akitoa hotuba siku ya mahari, ikipotea imepotea. Chagueni mashine mkiwaza kitu hicho cha pili.

Usinunue kasi

Muuzaji atakupokea na lugha ya kasi: kizazi cha ngapi, memori ngapi, kadi ya michezo ya video. Msikilize kwa adabu, kisha sahau. Kupiga muziki ni kazi nyepesi mno kwa kompyuta. Laptopu ya ofisini iliyotengenezwa mwaka 2012, yenye memori ya GB 4, inapiga wimbo huku imesinzia.

Tupige hesabu ya nafasi, maana hapo watu wengi wanaliwa. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha chini, ule wa kilobiti 128, unachukua takriban MB 1 kwa dakika. Ule wa kiwango cha juu, kilobiti 320, unakula kama MB 2.4 kwa dakika. Kwa hiyo nyimbo 5,000 za dakika tano tano kwa kiwango cha juu ni kama GB 60. Mkiamua kuhifadhi CD zenu kwa mtindo wa FLAC, ambao haupunguzi chochote katika sauti, wimbo wa dakika tano unafika MB 25 hadi 30, na nyimbo hizohizo 5,000 hazivuki GB 150. Diski ya GB 500 inawatosha na chenji inabaki. Anayewaambia mnahitaji TB 4 anawauzia diski.

Nini basi cha kuangalia? Mimi nina upande wangu na siufichi: chukueni laptopu nene ya kiofisi. Lenovo ThinkPad T430, Dell Latitude E6430, HP EliteBook za rika hilo. Si nzuri machoni. Hakuna atakayeziweka kwenye picha ya valentaini. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi yanayonunua mamia kwa mpigo na kutaka kuzitengeneza wenyewe, kwa hiyo zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, betri inachomoka kwa mkono, diski inabadilishwa kwa dakika tano na vipuri vyake bado vinazunguka sokoni. Laptopu nyembamba za kisasa nyingi zimegandishwa kila kitu ndani. Ikiharibika Ngana, inarudi Mbeya. Ikishindikana Mbeya, inakwenda Kariakoo, na wewe unabaki na stakabadhi.

Kuna jambo jingine linalozipa hizi za zamani alama: bado zina sehemu ya DVD. Vijana watacheka, lakini CD zenu za harusi na albamu halisi mlizonunua enzi zile zitaingilia wapi? Mkishamaliza kuzinakili, fundi anaweza kuitoa ile DVD na kuweka fremu ndogo inayobeba diski ya pili. Sasa mna laptopu yenye diski mbili ndani, bila waya unaoning'inia. Kwenye mashine nyembamba ya bei mara tatu, hiyo haiwezekani.

Bei ya mashine hizi imepata msukumo mwingine wa kushuka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haizipokei rasmi kompyuta zilizotengenezwa kabla ya takriban mwaka 2018. Maofisi mengi yanazitoa. Kwenu ninyi si hasara. Wekeni Linux Mint, ni ya bure, inaonekana kama Windows, na mashine ya muziki haihitaji zaidi ya hapo. Kama fundi wako anasema Linux ni ya maprofesa, tafuta fundi mwingine.

Dukani Mwanjelwa

Mkifika dukani, iwe Mwanjelwa au kwingine, nendeni wawili. Mmoja azungumze na muuzaji, mwingine akague. Mkienda wote mkaongea, mtauziwa begi.

Kwanza kabisa ni betri. Ilaze laptopu mezani ikiwa imefungwa. Ikiyumba kama meza ya mgahawa, au kile kibao cha kutelezesha kidole kimeinuka, betri imevimba. Hiyo ni hatari ya moto, si kasoro ya kupunguziwa bei. Waambieni waitoe mbele yenu au muondoke.

Pili, diski. Kuna programu ndogo ya bure ya Windows inayoitwa CrystalDiskInfo. Iwekeni kwenye flashi mapema. Ikifunguliwa inakuonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na kama imeshaanza kuwa na hitilafu. Muuzaji anayekataza kuchomeka flashi ameshawajibu. Hata diski ikiwa nzima, ushauri wetu ni uleule: diski ya zamani itoke, iingie mpya. Kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wekeni SSD ndogo, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Haina kelele, haiogopi kutikiswa kwenye basi la kushuka Tukuyu. Kwa ajili ya nyimbo wekeni ya pili.

Tatu ni tundu la hedifoni. Chomeka, piga wimbo, zungusha pini taratibu. Ikikwaruza au upande mmoja ukikatika, tundu limechoka. Haimaanishi mashine ni mbovu, kwa sababu kifaa kidogo cha sauti cha USB, kisichozidi ukubwa wa kidole, kinaweza kufanya kazi hiyo, na mara nyingi kinatoa sauti safi zaidi kuliko tundu la ndani lenye mvumo. Ila bei ipungue.

Feni sasa. Iacheni mashine iwake dakika 20 huku mnapiga stori. Weka sikio. Feni inayolia kama cherehani hapo dukani penye kelele itakuwa trekta usiku wa manane chumbani. Halafu ombeni risiti yenye namba ya mashine. Laptopu ya bei ya kutupa isiyo na karatasi inaweza kuwa ya mtu, na mwenye nayo anaweza kuja na polisi.

Joto, radi na wadudu

Mkishaifikisha nyumbani, adui wa kwanza yupo sebuleni tayari: kitambaa. Tunawapenda mama zetu, na vitambaa vya kufuma vilivyolazwa juu ya televisheni na redio ni urembo wetu wa asili. Lakini laptopu inavuta hewa kupitia matundu ya chini na kutoa ubavuni. Ukiifunika, imekwisha. Isikae kwenye kochi, isikae kwenye zulia. Iwekeni juu ya vipande viwili vya mbao vyembamba, hewa ipite chini, tena mbali na ukuta unaopigwa na jua la saa tisa. Kifuniko kinaweza kufungwa; kuna mpangilio ndani ya kompyuta unaosema ikifungwa isilale. Unawekwa mara moja tu.

Unyevu wa Kyela una tabia ya kula taratibu. Ajabu ni kwamba mashine inayowashwa kila siku inausumbukia kidogo kuliko ile iliyofungiwa kabatini, kwa sababu joto lake lenyewe linaikausha. Kwa hiyo kama mnasafiri mwezi mzima, msiifungie ndani ya mfuko wa nailoni mtupu. Wekeni pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kaseti na CD vilevile. Ukungu unaota kwenye utepe wa kaseti kama unavyoota kwenye ukanda wa ngozi.

Wadudu nao wanapenda joto. Sisimizi na mende watahamia ndani ya mashine ikiwa karibu na jikoni au ikiwa mnakula biskuti juu ya kibodi. Na wakati wa mavuno ya mpunga, vumbi la pumba linapenya popote. Kila miezi mitatu au minne fundi aifungue, apulize feni kwa hewa. Huu ndio msimu ambao utashukuru kwamba ulinunua ile nene yenye bisibisi ya kawaida.

Umeme una pande mbili. Upande wa gharama hauogopeshi: laptopu ya namna hii, ikiwa imefungwa skrini na inapiga muziki, inakula takriban wati 15. Ikiwashwa saa 24 kwa siku 30 inafika kama uniti 11 za LUKU. Ikiwashwa saa tano za jioni tu, ni uniti mbili na kidogo. Pasi yenu inawazidia.

Upande wa kukatika ndio wenye maneno. Wanaokumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wanajua: umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili linaweza kuharibika, na siku mbaya diski nzima. Hapa laptopu inaishinda kompyuta ya mezani mchana kweupe, kwa sababu betri yake ndiyo mlinzi wake. Haihitaji kukaa saa nne. Ikishika hata nusu saa, inatosha mashine kujizima kistaarabu. Kwa hiyo msidanganyike kuiondoa betri eti kwa sababu mashine imechomekwa muda wote. Ila betri iliyojazwa asilimia 100 kila siku kwenye joto inazeeka upesi. Laptopu nyingi za kiofisi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Utumieni.

Na radi ikianza, chomoa chaja ukutani pamoja na waya wa sabufa. Usitegemee kizibo cha kuzuia radi cha bei ya chini. Muziki unaendelea kwa betri, spika ndizo zitanyamaza, mtasikiliza mvua.

Waifai bila bando

Kuna dhana inayowapotosha wengi, kwamba waifai ni intaneti. Si kweli. Ruta ya kawaida, hata isiyo na laini wala bando, inaziunganisha laptopu na simu zilizomo nyumbani. Mnaweka programu ya seva kama Navidrome au Jellyfin kwenye laptopu, zote za bure, na simu zenu zinaona maktaba nzima. Mmoja yuko jikoni anasikiliza injili, mwingine yuko kibarazani na Msondo Ngoma, hakuna senti ya bando iliyotumika. Kazi ya kuweka programu hizi inahitaji intaneti mara ya kwanza, basi fanyeni mkiwa mjini, kabla ya kupanda gari la kurudi. Kama hayo yote yanawachosha, VLC na waya mmoja kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye sabufa unatosha. Wengi wanaishia hapo na wana furaha yao.

Kama muziki wenu ulijazwa kwenye vibanda vya kujaza memori kadi, jiandaeni kwa usafi. Nusu ya nyimbo zitaitwa "Track 01", na kuna DJ anayejitaja jina katikati ya kiitikio. Huyo DJ haondoki, tafuteni nakala nyingine ya wimbo. Majina yanarekebishika, na kuna programu, MusicBrainz Picard, inayojaribu kuutambua wimbo kwa kuusikiliza. Kwa bongo fleva kubwa inapata pata. Kwa dansi la zamani na kwaya, kaeni wenyewe muandike.

Yangu, yako, yetu

Tuingie sasa kwenye ukurasa wetu wa kawaida, maana hapa ndipo laptopu inapogeuka kuwa suala la ndoa.

Laptopu ya kazi isiwe laptopu ya muziki. Ya mwajiri itarudishwa siku ya uhamisho, na nyimbo zenu zitaondoka nayo. Hata ikiwa ni yako binafsi, ile yenye barua pepe zako, mitihani unayosahihisha na WhatsApp iliyofunguliwa haifai kukaa sebuleni ikiguswa na kila mgeni. Watu wanasema wapendanao hawafichani. Sawa, lakini mtu anayetafuta wimbo wa Lady Jaydee hatakiwi kukutana na ripoti ya mgonjwa wa hospitali yenu. Mashine ya muziki iwe ya muziki tu: akaunti moja, nywila moja, wote mnaijua, hakuna ujumbe wa mtu ndani.

Fungueni mafoda matatu, la kwako, lake, na lenu. Kila mtu anaweza kusikiliza chochote. Hakuna anayefuta cha mwenzake, hata kama ni taarabu ya saa nzima, hata kama ni hip hop ya Mbeya enzi za Sugu ambayo wewe huioni maana yake. Na ukikuta foda yenye mkusanyiko wa nyimbo za mapenzi uliopangwa na mtu wa zamani? Mpe mwenye foda nafasi aamue mwenyewe. Anayependa wimbo si lazima awe bado anampenda aliyeuleta. Usipoamini hilo, tatizo si laptopu.

Pesa pia ziwekeni wazi. Ukigawa bajeti, mashine yenyewe ichukue chini ya nusu. Kinachobaki kiende kwenye diski mpya na spika, kwa sababu hivyo ndivyo mnavyovisikia na ndivyo vinavyobeba kumbukumbu. Tumeona watu wakinunua laptopu ya gharama na kuisikiliza kwa spika zake za ndani, zile zenye sauti ya nzi kwenye chupa.

Na sasa ile nakala. Diski zote hufa. Swali ni lini tu. Diski mbili ndani ya laptopu moja zinawakinga na ubovu wa diski, lakini mwizi atazibeba zote, na moto hauchagui. Inatakiwa nakala moja ilale nyumba nyingine. Na hapa wale wenzetu wanaoishi mbalimbali, mmoja Ngana na mwingine Mbeya au Dar, wana bahati ambayo wengi hawana. Nunueni diski mbili za nje zinazofanana, kila moja iwe na maktaba nzima. Moja inakaa kwako, moja kwake. Kila anayesafiri kwenda kwa mwenzake anabeba yake, usiku mnanakili vipya vya mwezi, anarudi na iliyokamilika. Nyimbo alizozipenda akiwa peke yake huko ndizo utakazokuwa unasikiliza mwezi ujao. Kwa wanaoishi pamoja, nakala ya pili ikalale kwa shangazi au kwa rafiki wa kuaminika.

Boksi la juu ya kabati

Haya, tumefika kwa mama na boksi lake.

Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wetu wa miaka ya 1960 hadi 1980: NUTA Jazz, iliyokuja kuwa Msondo Ngoma, DDC Mlimani Park, Vijana Jazz, ngoma za mikoa, kwaya. Vingi vilibaki kwenye kanda za sumaku, na kanda zinachakaa, kwa hiyo kuzihamishia kwenye kompyuta imekuwa kazi ya lazima. Kama taasisi ya taifa yenye ghala na wataalamu ina kazi hiyo, boksi la mama yako lililo chini ya bati la Kyela lina hali gani?

Mkoa huu una hazina ya kwaya. Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na zaidi ya miaka 130 ya uimbaji imepita hapo. Wakati wa kaseti kila usharika ulitaka kurekodi, na nakala nyingi hazikuvuka wilaya. Kuna ngoma za harusi na za misiba. Kuna nyimbo za ng'ambo ya Songwe, maana kabla ya simu watu wa mpakani walisikiliza redio za pande zote mbili, na Lucius Banda, aliyefariki Juni 2024, ana mashabiki wasiojua kabisa kwamba mpaka upo. Na kuna zile kaseti ambazo mtu alibonyeza tu kitufe chekundu kwenye kikao cha familia. Zamani mkamwana wa Kinyakyusa alikuwa hamkaribii baba mkwe, anamkwepa hata njiani. Leo anaweza kumsikia sebuleni kwake, akihutubia, na mzee mwenyewe ameshalala udongoni. Sijui wahenga wangesemaje, lakini wajukuu watafurahi.

Vifaa ni hivi: redio kaseti inayofanya kazi, waya kutoka kwenye tundu lake la hedifoni, kifaa cha sauti cha USB chenye tundu la kuingizia sauti ya stirio, na programu ya bure ya Audacity. Tundu la laptopu lenyewe mara nyingi limeunganishwa na la maiki na linapokea upande mmoja tu, ndiyo maana kile kifaa cha USB ni lazima. Kaseti ya dakika 60 inakamata takriban MB 600 ikirekodiwa kwa ubora wa CD, na nusu ya hapo ikibadilishwa kuwa FLAC. Kaseti 50 hazifiki hata GB 20. Nafasi mnayo.

Safisheni kichwa cha redio kwa pamba na spiriti kabla ya kila kaseti tatu nne. Kaseti iliyokaa miaka mingi izungusheni mbele mpaka mwisho na kuirudisha, ili utepe uliogandana uachie. Iliyo na ukungu mweupe msiiweke kabisa kwenye redio, itachafua zote zinazofuata. Iwekeni kando ionwe na fundi. Anzeni na ile iliyochoka zaidi ambayo bado inazunguka, na rekodini mara ya kwanza kabisa inapopigwa. Msijaribu kwanza kusikia kama inasikika. Utepe mzee unaweza kukatika kwenye mzunguko wowote, na mzunguko huo uwe umeshaingia kwenye diski.

Mwiteni mama akae karibu wakati inapiga. Kwenye ganda la kaseti kumeandikwa "Kwaya" tu kwa kalamu ya bluu. Yeye atasema hiyo ni Pasaka, ni mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji, na anayeongoza ni dada yake. Andikeni hivyohivyo kwenye jina la faili, na daraja liingie.